Uzi wa Gunia Kwenye Waya

Vijana wa kituo, siku ile ya kuniaga mliniomba niandike namna tulivyokuwa tukitunza baridi kabla ninyi hamjafika. Nimekubali, kwa kuwa siku hizi asubuhi sina la kufanya zaidi ya kumsumbua mke wangu jikoni. Sitaandika nilipanda cheo lini wala nililipwa kiasi gani. Mambo hayo yamo kwenye jalada na hayamfundishi mtu kazi. Nitaandika juu ya mitungi, ufito, nyaya, na watu wawili niliojifunza kwao. Mmoja, Mzee Haonga, nilimpenda. Mwingine ni Eliya, ambaye bado mko naye. Yeye nilimwonea wivu kwa karibu miaka thelathini, na kwa kuwa wivu huo uliharibu kazi kubwa ya mtu, nauweka humu pamoja na mambo mengine ya kujifunza.

Nilianza kazi miaka ile ambayo maduka ya Tunduma yalikuwa ndiyo kwanza yanajaa bidhaa, na kila mwenye akili alikuwa anatafuta mtaji wa biashara. Mimi nilishuka kutoka Mbebe nikiwa na cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima, nikaajiriwa kwenye kituo chetu cha uhimilishaji wa ng'ombe, kule juu kwenye mashamba ya kahawa, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mpemba. Eliya aliajiriwa siku hiyohiyo. Tulikutana getini, tukaulizana kama hapa ndipo. Viatu alivyovaa vilikuwa vyake mwenyewe. Nadhani nilianza kumwonea wivu palepale getini, kabla hata sijalijua jina lake.

Kwa atakayesoma haya na si mtu wa kazi hii: uhimilishaji ni kumpandisha ng'ombe bila kuleta dume. Mbegu za madume bora huhifadhiwa kwenye mirija myembamba, na mirija hiyo hukaa ndani ya mtungi wenye naitrojeni ya maji, kwenye baridi ya nyuzi mia moja tisini na sita chini ya sifuri. Humo hudumu miaka mingi. Naitrojeni ikikauka, mbegu zinakufa, na kwa macho huwezi kujua. Utajua baada ya miezi, wakulima watakapokuja kuuliza ndama wako wapi. Mzee Haonga, aliyekuwa mkuu wa stoo, alituambia siku ya kwanza kwamba hakuna kitu kinachoitwa baridi, kuna joto tu linalotafuta pa kuingilia, na sisi tumeajiriwa kulizuia mlangoni. Mimi ilinichukua mwaka kumwelewa. Eliya alimwelewa siku hiyohiyo, au alijifanya.

Siku hiyo Mzee alichuma jani la kahawa, akalishika kwa koleo na kulichovya kwenye naitrojeni, kisha akaliangusha sakafuni. Likavunjika vipande kama kioo. Akatuuliza tumejifunza nini. Nikasema nimejifunza kwamba kitu hiki ni hatari. Eliya akauliza kama jani lile lingebaki hai iwapo lingegandishwa polepole na kuyeyushwa polepole. Mzee alimtazama muda mrefu. Nimefanya kazi chini ya mzee yule miaka mingi, akanisifu mara nyingi tu, lakini hakuwahi kunitazama vile.

Sasa ufito. Ninyi mna vipimo vya kila aina, lakini ufito msiutupe. Ni kipande chembamba cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi na kuchongwa alama za sentimita. Unauzamisha hadi chini ya mtungi, unasubiri kidogo, unauchomoa na kuupunga hewani. Unyevu wa hewa unaganda pale palipogusa naitrojeni, na weupe unakuonyesha kimo. Mzee Haonga alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza: namba lazima itajwe kwa sauti. Mmoja anapima na kutaja, mwingine anaandika kwenye daftari. Hata ukiwa peke yako, unaitaja ndipo unaiandika. Alisema namba isiyotajwa hubadilika njiani, kati ya jicho na kalamu, hasa mpimaji akiwa amechelewa kujaza mtungi. Sharti lile lilinikaa mwilini. Mke wangu atawaambia kwamba hadi leo nikipima unga wa ugali nahesabu vikombe kwa sauti kama nawatangazia majirani.

Halafu nyaya. Umeme ulikuwa unakatika ovyo, kwa hiyo kengele ya hatari ya stoo na redio ya upepo tuliziwasha kwa betri ya lori. Nyaya tuliletewa kutoka kwa wavunja malori wa Tunduma, na zote zilikuwa nyeusi. Siku moja Mzee mwenyewe aligeuza, chanya akaipeleka kwenye hasi, redio ikatoa moshi. Tukakaa wiki tatu bila mawasiliano. Eliya akachomoa uzi kwenye gunia la kahawa, akauviringisha kwenye ncha ya kila waya wa chanya, akaufunga vizuri. Kuanzia hapo mtu akishika waya hata bila kutazama anajua. Mzee alifurahi sana. Aliuita uzi wa Eliya, na kila mgeni aliyekuja kituoni alionyeshwa. Kumbukeni mimi ndiye niliyekuwa nafagia stoo yenye magunia yale kila siku, na uzi ulikuwa ukinikwama kwenye ufagio.

Nitawapa na safari moja ngumu, ili msidhani tulikuwa tunakaa tu kutazama mitungi. Msimu mmoja wa mvua tuliitwa Mbebe, nyumbani kwetu, kwa shangazi yangu, aliyekuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Pikipiki ilikwama kwenye tope mlima ulipoanza. Mtungi ukitikiswa sana naitrojeni inachemka na kuisha haraka, kwa hiyo Eliya alipendekeza tuuweke kwenye tenga, tuujazie maganda ya kahawa pembeni, na mtu aubebe mgongoni taratibu. Wazo lilikuwa zuri. Aliyeubeba ni mimi, kwa kuwa yeye alikuwa mwembamba. Nilipanda mlima ule nikiwa na baridi ya ajabu mgongoni na jasho kifuani, na tulipofika, Eliya akanawa mikono, akampandisha ng'ombe kwa utulivu, akanywa chai. Ndama alizaliwa dume zuri. Shangazi yangu wa damu, dada wa baba yangu, akamwita yule ndama Eliya.

Mnacheka, lakini mimi sikucheka.

Baadaye ikaja barua ya nafasi ya masomo nje ya nchi, masomo ya baridi kali na vifaa vyake. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja. Mzee Haonga ndiye aliyetakiwa kupendekeza jina, akaandika Eliya. Nilikwenda kumuuliza kwa nini. Alikuwa anasafisha koleo, hakuinua kichwa.

"Lameki, mwanangu," akasema, "wewe nakuhitaji hapa."

Nilitoka nikiwa nimeyachukulia maneno yale kama tusi. Niliona ananiambia kwamba mimi ni wa kubebeshwa mitungi.

Eliya alikuwa akituandikia barua, na Mzee alizisoma kwa sauti wakati wa chai. Ndipo tulipojua anafanya nini huko. Kuna namna ya kupooza isiyotumia gesi wala mashine inayozunguka. Unaunganisha vipande viwili vya vitu tofauti, unapitisha umeme wa betri, na umeme ule unahamisha joto kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Upande huu unapoa, ule unapata joto. Ukigeuza mwelekeo wa umeme, na pande nazo zinageuka, uliokuwa wa baridi unakuwa wa moto. Vipande hivyo viwili anaviita miguu. Shida ni kwamba ukishafika kwenye baridi ya naitrojeni, mguu mmoja unafanya kazi vizuri, wa metali mbili zilizochanganywa, bismuthi na antimoni, lakini mwenzake unachoka na kuharibu kila kitu. Wenye akili wakauondoa mguu mchovu, wakaweka mahali pake kipande cheusi kama kigae, ambacho kikipozwa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani hata kidogo. Mguu huo mweusi haupoozi chochote, aliandika Eliya. Kazi yake ni kupitisha umeme bila kuleta joto la kwake, ili mwenzake aweze kufanya kazi.

Mzee aliirudia sentensi hiyo mara mbili, akakunja barua na kuitia mfukoni mwa shati. Mimi nikasema baridi tuliyonayo inatosha, sijui nani anataka nyingine chini yake. Watu walicheka, nikafurahi kwamba angalau nimewachekesha.

Macho ya Mzee yalipofifia alistaafu, akarudi kwake Mkwajuni, na stoo ikawa yangu. Jambo la kwanza nililofanya ni kuhamisha uzi. Nyaya zote za betri nilizifungua, nikaufunga uzi wa gunia upande wa hasi. Waliponiuliza nilikuwa na sababu nzuri sana. Fundi mmoja wa betri pale Tunduma, mtu wa Kigoma, alikuwa ameniambia kwamba yeye huweka alama waya unaokwenda kwenye bodi ya gari, yaani hasi, kwa kuwa ndio unaofunguliwa kwanza kwa usalama. Na kweli ndio unaofunguliwa kwanza. Lakini leo naandika sababu yenyewe: sikutaka kushika uzi wa Eliya kila asubuhi nikaukuta uko pale alipouweka. Nilitaka uwe wangu. Watumishi wa kituo niliwaambia, wakazoea baada ya wiki moja. Eliya alikuwa ng'ambo, na barua sikumwandikia.

Alirudi mama yake alipougua. Ilikuwa miaka ya tisini, kituo kikiwa kimechoka, rangi imebanduka, na watumishi wengine wameacha kazi wakafungue maduka mpakani. Eliya alikuwa amebakiza jaribio la mwisho, na kwa kuwa hakuweza kumwacha mama yake, aliomba alifanye hapa, penye naitrojeni. Mtahini wake, mama mmoja wa makamo, alikuwa na safari ya mkutano Zambia, akakubali kupita kituoni kwetu siku moja, aone, kisha aendelee na safari. Jaribio lenyewe lilikuwa dogo kwa kulitazama. Kifaa chake, cha ukubwa wa kiberiti, kingezamishwa kwenye naitrojeni ndani ya kopo lililoondolewa hewa, umeme upite, na kipimajoto kioneshe kwamba pale kwenye maungio ya miguu miwili baridi imeshuka chini ya ile ya naitrojeni. Nyuzi chache tu zingetosha. Zikishuka, anaendelea na masomo na kazi yake inapokelewa. Zisiposhuka, nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Mguu mweusi alikuwa nao mmoja tu. Aliniambia aliuoka tanuruni na kuurudia kwa miezi minane hadi ukakubali. Alinionyesha ukiwa umefungwa kwenye pamba, akaniruhusu niushike. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, mdogo kama njiti iliyokatwa nusu, na niliona wivu hata kwa jinsi alivyoufunga tena.

Siku yenyewe, mtahini alifika asubuhi, akapewa kiti na chai. Saa tatu umeme ukakatika. Eliya alikuja na kifaa chake cha kutoa umeme kutoka ukutani, sasa hakikuwa na maana tena. Akanigeukia.

"Lameki, bado una betri ya redio?"

Nikasema ninayo, na imejaa. Nikaileta pamoja na nyaya zake, zikiwa zimeshafungwa kwenye betri, nikaziweka mezani. Naapa kwamba wakati naziweka sikuwa na wazo lolote baya. Nilikwenda kwenye mtungi mkubwa kupima kimo, kwa kuwa tungehitaji kuongeza naitrojeni katikati ya kazi. Nikazamisha ufito. Nilipoinua macho, Eliya alikuwa ameshika waya wenye uzi wa gunia. Aliupapasa kwa kidole gumba, kama tulivyozoea, bila hata kuutazama. Akauunga upande wa chanya wa kifaa chake. Aliuamini kwa kuwa alikuwa ameufunga yeye.

Nilifungua mdomo. Wakati huohuo yule mama akamuuliza kwa upole kama mimi ni msaidizi wake.

"Huyu ni Lameki," Eliya akajibu huku anakaza skrubu. "Ndiye anayetutunzia naitrojeni."

Ndiyo kazi niliyokuwa nafanya, na alivyosema hakukuwa na dharau. Nimeyapima maneno hayo miaka yote hii na sijapata kosa ndani yake. Lakini nilisikia mtu mwenye safari ananitambulisha kama mwenye nyumba ya kulala wageni. Nikafunga mdomo. Nikachomoa ufito, nikaupunga, weupe ukatokea mahali pake, nikatazama namba na sikuitaja.

Eliya akawasha. Kipimajoto kilikuwa kinasoma mia tisini na sita chini ya sifuri. Kikasogea, mia tisini na tano. Mia tisini na tatu. Kilikuwa kinapanda badala ya kushuka. Eliya akasema labda maungio yanajiweka sawa, akaongeza umeme. Hapo nilijua kabisa kinachotokea, maana barua zake nilizisikiliza vizuri kuliko nilivyokuwa nikionyesha. Mguu mweusi ukipata joto kupita kiasi unapoteza kipawa chake ghafla, na umeme uliokuwa unapita bure unaanza kuuchoma. Nilikuwa na muda wa kusema. Neno moja lilitosha, geuza, na nililishika mdomoni hadi likapoteza maana. Kukasikika mlio mdogo ndani ya kopo, kama punje ya hindi inapopasuka kwenye kikaango, na mshale wa kipimo cha umeme ukaanguka kwenye sifuri.

Alipolifungua kopo, mguu mweusi ulikuwa vipande viwili.

Mtahini aliandika kwenye karatasi zake, akamwambia Eliya pole kwa jinsi ya mtu aliyesema pole za aina hiyo mara nyingi, akaondoka kuwahi foleni ya mpakani Tunduma. Eliya alimsindikiza barabarani. Mimi nikachukua nyaya, nikafungua uzi wa gunia kwenye kila moja, nikautia jikoni kwenye moto. Kesho yake nilikwenda sokoni nikanunua utepe mwekundu wa plastiki, nikaufunga upande wa chanya. Ndio utepe mlioukuta. Kuna wakati mlinisifu kwa utaratibu ule, na mimi nikanyamaza nikasifiwa.

Barua ya kumkatalia ilifika baada ya miezi michache. Mama yake akafariki, na Eliya akaomba kurudi kituoni. Akapewa baiskeli, baadaye pikipiki, akawa mhimilishaji wa kuzunguka vijijini hadi Ileje. Tulifanya kazi meza moja kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuja kwenye ubatizo wa mwanangu Neema, nikaenda kumzika baba yake. Kuhusu siku ile hakusema hata neno, na mimi nikajishawishi kwamba alidhani ni bahati mbaya, au mguu haukuokwa vizuri.

Wengine mtadhani wivu uliisha hapo, maana nilikuwa nimeshapata nilichotaka. Haukuisha. Nilimshusha hadi kwenye benchi langu, na bado wakulima walikuwa wakifika getini wanapita mbele yangu kumuulizia yeye. Alikuwa akirudi kutoka vijijini na ndizi, na maziwa ya mgando, na habari za ndama waliopewa majina ya watoto wake. Mzee Haonga alipokuwa mgonjwa kule Mkwajuni, nilikwenda kumwona kila mwezi, na kila mwezi nilikuta Eliya alishapita. Nilikuwa nikitafuta kosa kwenye daftari lake la safari usiku na mchana, nikikosa nakasirika, na siku moja nilipolipata, namba ya mrija imekosewa tarakimu moja, nilienda nyumbani nikiimba.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu kazini. Sasa niwaambie yaliyotokea wiki ya mwisho, ambayo ninyi mlikuwa mnanunua soda na kupanga viti.

Nilikuwa nasafisha kabati la stoo ili mwenzenu anayenirithi alikute safi. Chini kabisa kulikuwa na madaftari ya vimo vya naitrojeni ya miaka yote, nikaanza kuyapanga. Nilipofika daftari la mwaka ule, mkono wenyewe ukatafuta siku ile. Mstari ulikuwepo, tarehe imeandikwa, na mahali pa namba palikuwa patupu. Katikati ya kurasa hizo kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, nakala ya taarifa ambayo Eliya aliipeleka kwa wakuu wa chuo chake na wa kituo. Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Aliandika kwamba jaribio liliharibika kwa sababu nyaya za betri ziliungwa kinyume, na aliyeziunga ni yeye. Mwisho kulikuwa na maneno haya: "Alama kwenye waya ilikuwa sahihi kwa utaratibu wa kituo hiki. Mimi nilikuwa mbali kwa muda mrefu, na nilipaswa kuuliza."

Niliketi juu ya mtungi mtupu. Alikuwa anajua tangu juma lile. Alifahamu kwamba uzi ulihamishwa, na alimfahamu aliyeuhamisha. Kwa hali ya kituo wakati ule, angeandika jina langu ningefukuzwa kabla ya mwisho wa mwezi, na Neema alikuwa bado yuko tumboni.

Ningependa kuwaambia kwamba nililia kwa majuto. Majuto yalikuwepo, lakini yalikuja ya pili. Kilichotangulia ni wivu, tena ule wa getini kabisa. Niliona kwamba kama ningekuwa mimi, nisingeweza kuandika sentensi zile mbili, na kwamba alikuwa amenishinda hata mahali nilipomwangusha.

Nikachukua daftari nikamfuata. Alikuwa stoo ya mbele, anajaza mtungi mdogo kwa ajili ya safari ya kesho. Nilisimama mlangoni, nikamwambia moja kwa moja.

"Eliya, siku ile nililiona kosa kabla hujawasha."

Aliendelea kumimina hadi mwisho, maana naitrojeni haikatizwi katikati. Akafunika mtungi.

"Najua, Baba Neema."

"Nani alikuambia?"

"Hukutaja namba," akasema. "Ulichomoa ufito, ukaupunga, ukanyamaza. Tangu tuanze kazi sijawahi kukusikia ukipima kimya. Nikajua kuna kitu umekiona."

Nikamuuliza mbona hakuniuliza. Akavua glovu moja, kisha nyingine.

"Yule mama alikuwa amesimama pale. Na mimi sikutaka kukuuliza wewe mbele yake. Mzee aliniruhusu niende, wewe akakubakiza. Kila kitu cha hapa ulikuwa unakijua wewe. Nilitaka angalau hicho kimoja nikifanye bila wewe."

Hata kosa langu alikuwa anataka kulibeba nusu, na hilo nalo likaniuma. Nikamwambia nisamehe. Akanitazama, na sikuona huruma kwenye macho yake, nashukuru.

"Nilikuchukia," akasema. "Miaka mitatu hivi, kila nikiona ule utepe mwekundu. Halafu kazi ikawa nyingi."

Akanyoosha mkono, akachukua daftari, akalifungua pale penye ile karatasi. Alitazama mstari ule mtupu kwa muda. Halafu akatoa kalamu mfukoni mwa shati.

"Ilikuwa ngapi siku ile?"

Miaka zaidi ya ishirini ilikuwa imepita. Nimesahau sikukuu za kuzaliwa za watoto wangu, nimesahau majina ya wakurugenzi watatu.

"Kumi na saba," nikasema, kwa sauti.

Akaiandika mahali pake, akapuliza wino ukauke, akafunga daftari na kunirudishia. Nimelitazama mara nyingi kabla ya kulikabidhi. Mwandiko wake bado ni mzuri kuliko wangu.